Mambo ya Nyumbani: Nyama ya Nguruwe Katika Chungu cha Moto Mdogo

Yupo mama mwenye kazi ya mshahara aondokaye nyumbani saa kumi na mbili za asubuhi, akarudi jua likichwa. Kabla ya kutoka amevipanga vipande vinne vya nyama ya nguruwe katika chungu cha umeme kipikacho polepole, akamimina maji hata yakavifunika, akawasha, akaenda zake kwa moyo mweupe. Jioni nyumba nzima yanukia vizuri. Watoto wanawa mikono upesi bila ya kuambiwa, na baba avuta kiti. Lakini kila mtu atiapo tonge kinywani, furaha yapungua. Nyama yakatika yenyewe, ila ni kavu kama makumbi ya nazi, na mchuzi wake ni maji matupu. Fedha zimetoka, umeme umetumika saa kumi na mbili nzima, na chakula hakina ladha. Hapo huyu akilaumu chungu, yule amlaumu muuza nyama, na mwingine asema kwamba nyama ya nguruwe ndivyo ilivyo.

Kwa kweli kosa si la chungu wala la muuza nyama. Mama huyu hakuambiwa jambo moja tu, nalo ni hili: si kila nyama ilainikayo kwa kupikwa muda mrefu. Iko inayotaka saa nyingi, na iko inayoharibiwa na saa hizo hizo. Alijuaye jambo hili atapika nyama laini wakati wowote, na asiyelijua atabahatisha siku zote.

CHUNGU CHENYEWE

Yafaa kwanza kukifahamu chungu chenyewe. Aliyekibuni ni Irving Naxon, fundi wa Chicago katika Marekani, ambaye aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1936 akaipata mwaka 1940. Wazo lake lilitokana na masimulizi ya mama yake juu ya maisha ya Wayahudi huko Lithuania. Siku ya Ijumaa, kabla jua halijachwa, watu walipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate, navyo vikaachwa ndani ya tanuri lililokuwa likipoa polepole. Siku ya Sabato, ambayo sheria yao yakataza kuwasha moto, chakula kilikuwa tayari, kingali na moto. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City iliinunua kampuni ya Naxon, na mwaka 1971 ikaanza kukiuza chungu hicho kwa jina la Crock-Pot. Wakati ule wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakiingia katika kazi za mshahara, nao wakakipokea kwa furaha.

Basi chungu hiki kilizaliwa na chakula cha watu wasiokula nguruwe kabisa, na leo hupikiwa nguruwe katika nyumba nyingi za dunia. Katika Kenya pia wako wasioigusa nyama hii kwa sababu ya dini, yaani Waislamu na Wasabato. Mwenye nyumba mwenye adabu humwambia mgeni wake waziwazi kilichomo chunguni, wala hampikii chakula kingine katika chungu hicho hicho kilichotumika kwa nguruwe.

Kazi ya chungu ni nyepesi kueleza. Ni bakuli zito la udongo uliochomwa, lililozungukwa na waya upashao moto. Waya huo hutumia umeme kidogo. Chungu cha wati 200 kikiwaka saa sita hakizidi yuniti moja na sehemu mbili za kumi, hali sahani ya jiko la umeme ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa moja na nusu hula yuniti mbili na robo. Vingi vina alama mbili, ya moto mdogo na ya moto mkubwa. Watu hudhani kwamba alama ya moto mdogo haifikishi joto la kutosha. Sivyo. Alama zote mbili hukifikisha chakula karibu na kiwango cha kuchemka, ila moja huchukua saa nyingi zaidi kufika huko.

KWA NINI NYAMA HUKAUKA NDANI YA MAJI

Msomaji aweza kuuliza: nyama iliyolala majini kutwa nzima yawezaje kukauka? Nyama ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba sana zilizobeba maji ndani yake. Joto likipita digrii 60 za Selsiasi nyuzi hizo hujikunja na kuyasukuma maji nje, mfano wa dobi akamuavyo shuka. Maji yakiisha kutoka hayarudi, hata nyama ikizamishwa katika pipa. Ndiyo maana mchuzi ulijaa na nyama ikakauka.

Lakini katikati ya nyuzi hizo mna kano nyeupe, nazo ndizo zinazoifanya nyama kuwa ngumu. Kano zikikaa saa nyingi katika joto linalozidi digrii 70 huyeyuka polepole zikawa ute. Kila aliyekunywa supu ya kongoro aujua ute huo ugandishao midomo. Ute wa namna hiyo huingia kati ya nyuzi zilizokamuliwa, ukazilainisha, na mlaji akaiona nyama kuwa ina maji tele.

Sasa mambo yamekuwa wazi. Nyama ya mgongo wa nguruwe haifanyi kazi nyingi maishani mwa mnyama, kwa hiyo kano zake ni chache na mafuta yake ni haba. Nyama ya bega hubeba mwili na kutembea kila siku, kwa hiyo imejaa kano na mafuta. Bega hupata faida kwa kila saa ikaayo chunguni, hata kufikia saa nane. Mgongo hauna cha kuyeyusha. Ukiisha kuiva, kila saa inayoongezwa ni hasara tupu.

Vipande viitwavyo chopsi huweza kukatwa mahali pote pawili, na hapo ndipo wanunuzi wengi wakosapo. Vya mgongo hupendeza macho kwa kuwa ni vya mviringo, vyekundu kidogo, na ukanda wa mafuta uko pembeni tu. Vya bega havina umbo zuri, na mafuta yamepita huku na huku. Mama aendaye kazini kutwa na achague vya bega, wala asione haya kwa umbo lake. Vya mgongo navyo avipike siku ya mapumziko, atakapokuwapo nyumbani kuvitoa kwa wakati wake.

MBELE YA MUUZA NYAMA

Kwa hiyo haifai kusema tu, “Nipe nyama ya nguruwe kilo moja.” Mnunuzi na aseme hivi: “Nikatie vipande vinne vya bega, vyenye mfupa, unene wa vidole viwili.” Kipande chembamba huiva upesi kikakauka kabla ya mboga kulainika. Mfupa nao huongeza utamu wa mchuzi.

Jambo la pili ni kubwa kuliko ladha. Mnunuzi na autafute muhuri wa mkaguzi juu ya nyama. Sheria ya Kenya juu ya nyama, Sura ya 356, iliyotungwa mwaka 1972, iliwekwa ili nyama ya kuuzwa ichinjwe mahali panapokaguliwa. Nguruwe aachwaye kuzurura huweza kula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu, na ugonjwa huo umeonekana katika sehemu za magharibi mwa Kenya, Busia ikiwa mojawapo. Ndani ya nyama ya mnyama huyo hutokea vifuko vidogo vyeupe vyenye maji. Alaye nyama hiyo bila ya kuiva vizuri huota tegu tumboni. Tena madhara hayaishii kwake. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake, na yakimezwa na mtu kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga zisizooshwa, huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni lamhesabu tegu huyu wa nguruwe kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kifafa kiwezacho kuzuilika. Ikiwa vifuko vya namna hiyo vyaonekana, mnunuzi na aikatae nyama hiyo, hata ikiuzwa kwa bei rahisi namna gani.

Moto wa kutosha humwua mdudu huyu. Wakaguzi wa chakula wa Marekani hutaka kipande cha nguruwe kifike digrii 63 za Selsiasi katikati yake, kisha kitulie dakika tatu kabla ya kuliwa. Nyama iliyopikwa chunguni hadi kulainika imevuka kiwango hicho zamani. Mwenye kipimajoto cha jikoni na akichome katikati ya kipande, mbali na mfupa. Rangi ya nyama peke yake si shahidi wa kuaminika.

MAANDALIO

Vitu vya kuwalisha watu wanne au watano ni hivi:

Vipande 4 vya bega la nguruwe, vyenye mfupa, jumla yake kilo 1 hivi.
Vitunguu maji 2 vikubwa, vilivyokatwa duara.
Viazi 4 vya kiasi, vilivyomenywa na kukatwa vipande vinne vinne.
Nyanya 3 zilizoiva, zilizokatwakatwa.
Punje 3 za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi, vilivyopondwa pamoja.
Kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi, na nusu kijiko cha pilipili manga.
Kijiko 1 kikubwa cha siki au maji ya ndimu.
Nusu kikombe cha maji au supu.
Vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia.
Kijiko 1 kikubwa cha unga wa ngano wa kuzitia mchuzi.

Ikiwa nyama imegandishwa, yapasa iyeyushwe ndani ya friji tangu siku iliyotangulia. Haifai hata kidogo kuitia chunguni ingali barafu, kwani chungu hiki hupasha moto polepole, na nyama hukaa muda mrefu mno katika uvuguvugu upendwao na vijidudu. Mwenye kutaka kupunguza kazi ya alfajiri aweza kukata mboga usiku, akaziweka friji katika chombo chake, na nyama mbali katika chombo chake. Bakuli la udongo lisiwekwe friji, maana likitoka baridini na kupashwa moto ghafula huweza kupasuka. Ubao na kisu vilivyoigusa nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata kitu kingine.

KUPIKA

Vipande na vipanguswe hata vikauke, vipakwe chumvi na pilipili manga. Mafuta yakiisha kupata moto katika kikaango, kila kipande kikaangwe dakika tatu upande mmoja na tatu upande wa pili, hata kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Wako wasemao kwamba kukaanga huku huyafungia maji ndani ya nyama. Jambo hilo si kweli, kwa maana nyama iliyokaangwa huendelea kutoa maji. Faida yake ni ladha. Rangi ile ya kahawia na harufu yake huja juu ya kitu kikavu chenye moto mkali, nao chungu chenye mvuke hakiwezi kuzileta. Baada ya nyama kutolewa, vitunguu vikaangwe kidogo katika kikaango hicho hicho, kisha siki na maji vimiminwe ili kubandua yale yaliyogandia chini. Hayo yasitupwe, kwani ndiyo utamu wa mchuzi.

Viazi na vitangulie chini chunguni, kwa sababu huiva polepole kuliko nyama na hapo chini ndipo penye moto. Vitunguu vifuate, kisha nyama, na mwisho nyanya, kitunguu saumu na tangawizi juu yake, pamoja na yale maji ya kikaango. Chungu kijae kupita nusu, wala kisizidi theluthi mbili.

Nusu kikombe cha maji huonekana kidogo, na hapa wapishi wengi huona hofu wakaongeza. Hofu hiyo haina msingi. Mvuke hupanda hadi kwenye kifuniko, ukageuka matone, ukarudi chini. Nyama na nyanya zenyewe nazo zitatoa maji. Baada ya saa mbili mchuzi utakuwa umeonekana wazi.

Vipande vya bega vipikwe kwa moto mdogo saa sita hadi nane. Vya mgongo vitolewe baada ya saa tatu au nne tu, na katika mapishi ya mgongo viazi vichemshwe kidogo kabla ili visibaki vigumu. Kifuniko kisifunguliwe ovyo. Kila kifunguliwapo joto hutoroka, na chungu huhitaji dakika ishirini au zaidi kulirudisha. Mtoto mwenye njaa akiambiwa jambo hilo mara moja na sababu yake, atakuwa mlinzi mzuri wa kifuniko.

Uma ukiingia bila ya kushindana na nyama, chakula ki tayari. Vipande vitolewe kwa uangalifu vikatulie sahanini. Unga ukorogwe kwa maji baridi kidogo hata usiwe na madonge, utiwe katika mchuzi, na moto uongezwe robo saa au zaidi kidogo hata mchuzi uwe mzito. Chakula hiki huliwa kwa ugali na sukuma wiki iliyopikwa mbali. Mboga za majani zikitiwa chunguni tangu asubuhi huwa ujiuji, hazina rangi wala ladha.

UMEME UKIKATIKA

Hatari moja hailingani na ile ya nyama kavu, nayo ni ya umeme kukatika watu wakiwa kazini. Ikiwa mtu yupo nyumbani na nyama haijaiva, na akihamishie chakula mara moja kwenye jiko la gesi au la makaa, akimalize huko. Ikiwa kimeiva, chaweza kukaa chunguni muda wa saa mbili bila ya umeme. Lakini ikiwa hapakuwa na mtu, na haijulikani umeme ulikatika saa ngapi wala ulikaa muda gani, chakula hicho kitupwe, hata kikionekana kimeiva na kunukia vizuri. Saa nyingi za umeme zilizo katika majiko na redio huanza upya umeme ukatikapo, basi arudiye nyumbani na azitazame kabla ya kufungua chungu. Kutupa kilo ya nyama kwauma moyo. Kulaza watoto watatu hospitali kwauma zaidi, na gharama yake haihesabiki kwa kilo.

Vivyo hivyo chakula kilichobaki kisiachwe chunguni usiku kucha. Kitiwe katika vyombo visivyo na kina kirefu, kiwekwe friji kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake kipashwe moto katika sufuria hata kichemke. Chungu cha polepole hakifai kupashia viporo. Tena mwenye kupenda kuchanganya nyama na maharagwe mekundu asiyatie mabichi. Maharagwe hayo yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, kwa hiyo yalowekwe, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu dakika kumi au zaidi, ndipo yaingie chunguni.

ASIYE NA UMEME

Mwenye kupikia jiko la makaa asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Vikundi vingi vya akina mama katika Kenya hutengeneza kapu la kupikia lisilo na moto, lililotandikwa vitambaa au sponji pande zote, na juu yake mto mnene wa kufunikia. Waingereza walitumia sanduku la majani makavu kwa kazi kama hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, makaa na gesi vilipokuwa haba. Kapu haliongezi moto, hulinda tu ule uliomo. Kwa sababu hiyo nyama ikaangwe kwanza, kisha ichemke na mchuzi wake katika sufuria iliyojaa vizuri, dakika ishirini kamili, ndipo sufuria ifunikwe na kutiwa kapuni ingali ikitokota. Baada ya saa tatu irudishwe jikoni ichemke tena kabla ya kuliwa. Nyama ya bega ikiwa bado ngumu, irudi kapuni mara ya pili. Makaa yatakayookolewa ni mengi.

Basi yule mama wa saa kumi na mbili asikiuze chungu chake. Na abadili kipande cha nyama, apunguze maji, akaange kwanza, na ahesabu saa zake kabla ya kutoka. Akifanya hivyo, jioni harufu itakayompokea mlangoni haitakuwa ahadi ya uongo. Wahenga walisema kwamba mstahimilivu hula mbivu, na mama huyu ataongeza kwamba yampasa ajue pia saa ya kuichuma.